Cocullo, kijiji kinachomvisha mtakatifu nyoka

Adhuhuri ya tarehe 1 Mei, Misa ikishakwisha, sanamu ya Mtakatifu Dominiko hutolewa kanisani na kusimamishwa uwanjani. Haiondoki bado. Wanaume, wanawake na hata watoto waliokuwa wakingoja tangu asubuhi wanasogea, huyu ana nyoka mkononi, yule kamvingirisha shingoni, na mmoja baada ya mwingine wanawapandisha juu ya sanamu. Nyoka hao ni hai. Wanajisokota mabegani, wanateremka kifuani, wanapanda kichwani, hadi uso wa mtakatifu unabaki ukichungulia tu. Hapo ndipo bendi inapoanza kupiga na maandamano yanashika vichochoro. Wazee wanakaza macho kuangalia nyoka wanaelekea wapi, maana wao husoma humo dalili za mwaka.

Hiki ni Cocullo, kijiji cha mawe katika milima ya Abruzzo, Italia ya kati, kwenye mwinuko wa karibu mita 900. Wakazi wake hawazidi mia mbili na ushei. Siku hiyo moja hupokea wageni kwa maelfu, na reli itokayo Roma kwenda Sulmona na Pescara hupita hapo, kwa hiyo hata asiye na gari hufika.

Dominiko huyu asichanganywe na yule Mhispania aliyeanzisha shirika la Wadominiko. Ni abati wa Kibenedikto, mzaliwa wa Foligno, aliyeizunguka milima hii akianzisha monasteri hadi alipofariki Sora mwaka 1031. Mapokeo ya Cocullo yanasema aliwaachia watu wa hapa vitu viwili: gego lake, na kiatu cha chuma cha baghala wake. Vyote vimetunzwa hadi leo.

Ombi langu kwa atakayekwenda ni hili: aingie kanisani kwanza, kabla hajakimbilia nyoka. Humo ataona waumini wamepanga foleni mbele ya kengele ndogo. Kila mmoja anainama, anaing'ata kamba yake kwa meno na kuivuta mpaka kengele ilie, akiomba meno yake yasimsumbue. Nyuma ya sanamu kuna udongo. Watu wanauchota kidogo, wanaufunga vizuri na kwenda kuunyunyiza shambani na kuzunguka nyumba ili nyoka wasisogee. Wapo watakaouita ushirikina. Mimi siwezi. Mchungaji aliyelala nje na mifugo, mkulima aliyekata majani kwa mundu na kupanga ukuta wa mawe kwa mikono mitupu, aliogopa mambo ambayo sisi wa mjini tumeyasahau: kuumwa na nyoka mahali pasipo tabibu, na kuumwa na jino usiku kucha. Aliyapeleka kwa mtakatifu kama yalivyo.

Tena hofu hiyo ni ya kale kuliko kanisa lenyewe. Wamarsi, kabila la milima hii kabla ya dola ya Roma, walimwabudu Angitia, mungu wa kike wa uponyaji na nyoka, na mshairi Virgil aliwataja kwa ustadi wao wa kumtuliza nyoka. Msomaji wa Usukumani hapa atakuwa ameshawakumbuka Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, na chatu wao katika Bulabo, tamasha la ngoma la Bujora, linalofanyika majira ya sikukuu ya Ekaristi.

Kazi yenyewe huanza mapema. Mwishoni mwa Machi, jua linapoanza kuyapasha mawe, wakamata nyoka, ambao Waitaliano huwaita serpari, hupanda vilimani. Nyoka wametoka katika usingizi wa baridi na bado ni wazito. Mkamataji hutembea polepole kando ya kuta za mawe, akitazama penye jua, na akimwona humshika kwa mkono. Anayetafutwa zaidi ni cervone, mnene na mpole, mwenye mistari minne myeusi mgongoni, anayeweza kukaribia mita mbili. Wote wanaokamatwa kwa ajili ya sikukuu hawana sumu. Kazi hii hurithiwa, baba kwa mwana, na siku hizi kwa binti pia.

Cervone analindwa kisheria Ulaya, kwa hiyo wataalamu wa wanyama watambaao nao wamekuwa sehemu ya sikukuu. Kila nyoka hupimwa urefu na uzito, afya yake hukaguliwa, na wengine huwekewa alama ndogo ya kielektroniki chini ya ngozi. Mahali alipokamatwa huandikwa. Ibada imewapa wanasayansi kumbukumbu za miaka mingi ambazo wasingezipata kirahisi kwingineko, na wanasayansi wamewasaidia wanakijiji kuendelea na ibada yao bila kuwamaliza nyoka.

Katika maandamano, mbele yako watapita wasichana waliovaa mavazi ya asili, vikapu vichwani. Ndani yake mna mikate mikubwa ya duara, iliyotoboka katikati kama bangili, ambayo hupewa wabeba sanamu. Wengine huona katika duara hilo nyoka anayeuma mkia wake.

Jioni magari yanateremka na kijiji kinabaki na wenyewe. Siku zifuatazo, mkamataji hurudi vilimani na mzigo wake, anautafuta ukuta ulioandikwa katika kumbukumbu, anapiga goti na kufungua mfuko karibu na tundu.