Kijana aliyefiwa na wazazi: Matanga yakishaanuliwa

Mazishi katika mitaa yetu hayakosi watu. Mtu akifariki baada ya sala ya Alasiri, haijafika Isha turubai limekwisha kufungwa, mikeka imetandikwa na masufuria yako jikoni. Kwa hilo jamii yetu inastahiki kushukuriwa. Lakini siku ya nne turubai hurudishwa lilikokodiwa, mashangazi hupanda mabasi kurejea Tanga na Kigoma, na ndani ya nyumba hubaki kijana wa miaka 15 ambaye kwa siku tatu zote hakuulizwa neno na mtu yeyote, isipokuwa mahali zilipo funguo za kabati.

Ni huyo tunayetaka kumzungumzia juma hili. Mtoto wa miaka minne aliyefiwa hubebwa, hubembelezwa na kila mkono humpapasa kichwa. Mtu mzima wa miaka 30 ana mwenza wa kumliwaza na kazi ya kumshughulisha. Huyu wa katikati huambiwa kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba, ajikaze. Akiwa msichana mkubwa, huenda asiambiwe kitu. Hukabidhiwa tu jiko na wadogo zake, na watu wakasifu jinsi alivyo hodari.

Baadhi ya watu huleta hoja ya kifiqhi, kwamba uyatima hukoma kijana anapobaleghe. Ni kweli, na hadithi juu ya jambo hilo inajulikana. Lakini hukumu hiyo inahusu mambo ya mali na majukumu: nani asimamiwe na nani ajisimamie. Haikuletwa kupima lini moyo uache kuuma. Mtume wetu (SAW) alifiwa na baba yake, Abdullah, kabla hajazaliwa. Mama yake, Bi Amina, alifariki pale Abwaa, baina ya Makka na Madina, naye akiwa na miaka sita. Miaka miwili baadaye akaondokewa na babu yake, Abdul Muttalib. Ilipoteremka Surat Adh-Dhuha, yeye alikuwa mtu mzima aliyepindukia miaka 40, mwenye mke na watoto. Na bado Allah (SW) alimliwaza kwa kumkumbusha kwamba alimkuta yatima akampa makazi. Na imepokewa kwamba alipolizuru kaburi la mama yake, miaka mingi baada ya utoto, alilia hadi waliokuwa naye wakalia.

Kuna tukio jingine ambalo tungependa lisomwe katika kila nyumba yenye msiba. Katika mwaka wa 8 Hijria, Jaafar bin Abi Talib aliuawa katika vita vya Muta na kuacha watoto wadogo. Mtume (SAW) aliamrisha familia yake ipikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa na msiba. Akawaacha siku tatu, kisha akawaendea na kuwataka wasimlilie tena ndugu yake baada ya siku ile. Wengi wetu tumeihifadhi sehemu hiyo na huitumia kumnyamazisha kijana. Sehemu inayofuata hatuitaji sana: aliagiza waletwe watoto wa ndugu yake, akaagiza aitwe kinyozi, wakanyolewa nywele mbele yake. Yaani wakati ambao sisi tunaondoka, yeye ndipo alipofika, na akashughulika na jambo dogo kama nywele za watoto. Mwenye kutaka kukataza machozi siku ya nne, basi na aje na kinyozi.

Neno "subira" nalo limegeuzwa kuwa kifuniko. Kijana akifungua kinywa huambiwa asubiri, ni kadari. Hatubishi, kadari ni nguzo ya imani. Lakini tusome Surat Yusuf kwa utulivu. Nabii Yaaqub (AS) ndiye aliyesema atasubiri subira njema, na ndiye huyo huyo ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni, akimshitakia Mola wake majonzi yake. Hayo mawili yalikaa katika kifua kimoja. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya maombolezo, kuchana nguo na kujipiga mashavu, si machozi.

Majonzi ya kijana, aghalabu, hayafanani na ya mtu mzima. Huyu hucheka na wenzake uwanjani mchana, wakubwa wakadhani amesahau, kisha usiku hapati usingizi. Mwingine huwa mkali kwa wadogo zake. Mwingine huumwa kichwa au tumbo kila asubuhi ya shule, na vipimo havionyeshi ugonjwa. Alama za darasani hushuka kwa sababu macho yako ubaoni na akili iko wodini. Wako pia wanaobeba hatia ya siri: lau ningemwamsha jirani mapema, lau nisingegombana na mama asubuhi ile. Hatia hiyo haitolewi kwa mawaidha ya jumla. Yahitaji mtu mmoja anayeaminika, mjomba, shangazi au ustadhi wa madrasa, akae naye bila haraka amsikilize mpaka mwisho, ndipo amweleze kwamba ajali ya mtu haikuwa mikononi mwake.

Wapo waliopoteza wazazi wote wawili kwa mara moja. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, walikuwamo watu waliosafiri na jamaa zao baada ya sikukuu ya Idd. Katika msiba wa namna hiyo huja na jambo la pili, nalo ni kugawanywa kwa watoto: mmoja kwa baba mkubwa, mmoja kwa bibi, mmoja kwa mama mdogo mji mwingine. Nia huwa njema, na huenda hakuna kaya iwezayo kuwalisha wote. Lakini kijana aliyepoteza wazazi Ijumaa, akapoteza na wadogo zake Jumatatu, amefiwa mara mbili. Ikiwa hapana budi, aelezwe sababu, na zipangwe siku za wao kukutana, siku zenye tarehe.

Kisha mali. Kuhusu hili Qur'ani haikuzungumza kwa mafumbo. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inaagiza mayatima wajaribiwe hadi wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wakabidhiwe mali yao mbele ya mashahidi. Msimamizi tajiri ajizuie, masikini ale kwa kadiri ya ada. Aya ya 10 inamwonya anayeila kwa dhulma kwamba anakula moto. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 au 16 ana haki ya kujua kilichoachwa. Awepo kikaoni. Aonyeshwe hati ya nyumba, aelezwe ni nani anayeombewa usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, au kwa Zanzibar, Mahakama ya Kadhi. Na aambiwe wazi kwamba deni la marehemu hulipwa katika mali ya marehemu kabla ya kugawanywa. Wadai wasimfuate yeye kwenye lango la shule. Kumwambia "hii ni mali ya ukoo, wewe soma tu" ndipo dhulma nyingi zilipoanzia.

Akionekana amejitenga kwa majuma mengi, hali, au anazungumza juu ya kutotaka kuishi, hapo si pa kungoja. Apelekwe hospitali, au aonwe na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nchini Tanzania iko pia simu ya mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Kisomo na dua vinaendelea, na daktari naye ni sababu aliyoiweka Mwenyezi Mungu.

Jambo moja huwasaidia vijana kuliko wakubwa wanavyodhani, nalo ni kupewa kazi ya kumfanyia mzazi. Saad bin Ubada (RA) alifiwa na mama yake akiwa safarini. Aliuliza kama sadaka ingemfaa, akajibiwa ndiyo, akatoa shamba lake. Kijana wetu hana shamba, lakini anaweza kununua msahafu kwa ajili ya madrasa, kufunga siku ambazo mama alibakiwa nazo, au kumpelekea salamu rafiki wa baba, kwani kuunga udugu na marafiki wa mzazi ni katika wema kwake.

Hata nguo ni jambo la kuulizwa. Katika juma la kwanza, akina mama wenye huruma hufungua kabati na kugawa kanzu na kanga zote ili watoto wasizione wakahuzunika. Nguo ni sehemu ya mirathi, na kijana huyo ni mrithi. Huenda kanga moja yenye harufu ya mama yake ndiyo anayolalia. Na Idd ya kwanza ikikaribia, mwulizeni mapema, Ramadhani haijaisha, angependa kwenda kusali na nani, na chakula cha mchana akale nyumba ipi.