Wabajuni na Mpaka wa Kiunga

Msafiri akitweka tanga Lamu kuelekea kaskazini, akaipita Faza, Kiwayu na Kiunga, akavuka Raskamboni hadi visiwa vya Chula na Koyama, atasikia Kibajuni njia nzima. Hao ni watu wamoja. Mpaka wa zamani ulikuwa mto Juba, mbali huko. Mwaka 1925 Waingereza waliwapa Wataliani nchi ya Jubaland, na mstari ukashuka hadi jirani na Kiunga. Wavuvi hawakuujali. Waliendelea kuozana na kusomeana hitima ng'ambo zote mbili.

Mimi sioni kwamba mstari ule ndio uliowatenga watu. Kilichowatenga ni kubadilika kwa serikali. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, Kenya mwaka 1963, na kila moja ikataka kujua nani wake. Ukaja ugomvi wa shifta uliodumu hadi 1967. Vijiji vya Wabajuni vya barani vilihamwa. Wenyewe wakakimbilia visiwani, Lamu, Malindi na Mombasa, wakaacha mashamba yakiota msitu. Msomali na Mbajuni wote ni wa madhehebu ya Shafii, wanasali safu moja, lakini tangu hapo mmoja akimwona mwenziwe njiani humtazama mara mbili.

Upande wa pili, Siad Barre alitwaa madaraka mwaka 1969, na mwaka 1972 Kisomali kikafanywa lugha ya serikali kwa herufi za Kilatini. Kibajuni kikabaki jikoni na baharini. Hata hivyo watu waliishi. Msiba hasa ulikuja Januari 1991, Barre alipoanguka. Katika nchi ambamo mtu hulindwa na ukoo wenye bunduki, Mbajuni hakuwa na ukoo wa namna hiyo wala bunduki. Waliporwa, wakauawa, na waliobahatika wakapakia watoto majahazini wakaja kwetu. Wengine walikaa kambini Jomvu, Mombasa.

Na hapa ndipo ajabu yenyewe. Kule Kismayu waliambiwa ni wageni, warudi Kenya. Walipofika Kenya wakaambiwa ni Wasomali! Hata Mbajuni aliyezaliwa Kiunga, alipokwenda kuomba kipande, aliulizwa babu yake alizaliwa wapi. Pengine babu huyo alizaliwa Chula, akaoa Faza, akazikwa Kiwayu, na kuzaliwa kwake hakukuandikwa na serikali yo yote.