Kioo cha Dirisha la Nyumba Mlangoni mwa Land Rover

Halipiti juma bila ya mtu kuja karakanani kwangu na gari la nyika ambalo kioo chake cha mlango kimevunjwa na jiwe lililoruka kutoka gurudumu la lori, au na tawi la mgunga katika njia nyembamba ya porini, au na mkono wa mwizi, naye, kabla hajaketi, huniuliza swali ambalo nimekwisha kulijibu mara nyingi kuliko swali jingine lolote katika kazi hii: “Fundi, mlango huu ni bapa kama ubao, kwa nini nisikatiwe kioo cha dirisha la nyumba, cha milimita tano, nikaondoka hapa kabla ya adhuhuri?” Wengine hawaulizi kabisa, bali huja kioo hicho kimekwisha kutiwa, wakitaka niwatengenezee mpira tu usipitishe maji. Nimeazimia kuliandikia jibu mara moja, kwa urefu unaolistahili, ili atakayeniuliza tena nimpe karatasi hii aisome huku nami nikiendelea na kazi.

Asili ya swali naifahamu. Land Rover za zamani, tangu zile za toleo la pili za mwaka 1958 hadi za toleo la tatu zilizoanza mwaka 1971, zilikuwa na mlango wa vipande viwili, na kile cha juu, kilichofungwa kwa bolti, kilibeba vioo bapa vya kusukuma katika mfereji wenye felti. Mkono wa kuzungusha ulifika katika warithi wa magari hayo mnamo mwaka 1984, na hata baada ya hapo, hadi Defender ya mwisho ya umbo lile ilipotoka kiwandani Solihull mwezi wa Januari 2016, kioo cha mlango kilibaki bapa, hakina mbinuko kama vioo vya magari mengi ya leo. Kwa mlango wa namna hiyo, fundi wa fremu za madirisha akipewa kipimo huweza kwa dakika kumi kukata kipande kitakachoingia katika mfereji wake barabara, kikapanda na kushuka, kikazuia vumbi na mvua, mwenye gari akatoa fedha kidogo na kwenda zake ameridhika. Kioo kimeenea. Na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa kudhani kwamba kinachoenea ndicho kinachofaa.

Kioo cha dirisha la nyumba hupozwa polepole kiwandani, kusudi kisibaki na mvutano ndani yake, na kwa sababu hiyo hukatika kwa urahisi: ukikikwaruza kwa gurudumu dogo la kikatio na kukikunja kidogo, ufa huufuata mstari mpaka mwisho. Kioo cha mlango wa gari nacho huanza vivyo hivyo, hukatwa, hutobolewa matundu yake, husagwa kingo zake. Kisha huingizwa tanurini kikapata joto la zaidi ya sentigredi 600, karibu ya kulegea, na mara kitokapo hupigwa upepo mkali pande zote mbili. Ngozi yake ya nje hukaza kwanza, moyo wake ungali moto. Na moyo ule upoapo baadaye hutaka kunywea, lakini ngozi imekwisha kukaza haiwezi kuufuata, basi hubaki hivyo maisha yake yote, moyo umevutwa na ngozi imebanwa. Sasa, kioo aghalabu hakivunjwi na mbano. Huvunjwa na mvuto, nao huanzia katika mikwaruzo isiyoonekana kwa macho iliyo usoni na kingoni mwake, jambo ambalo Mwingereza A. A. Griffith alilibainisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1921. Kioo ambacho uso wake wote umebanwa sharti kwanza kivutwe hata mbano ule uishe ndipo mkwaruzo upate kufunguka, na hii ndiyo sababu kioo kilichokazwa kwa joto, ambacho sisi mafundi hukiita kioo cha tempa, huwa na nguvu mara nne au tano za kile cha dirisha chenye unene ule ule.

Lakini nguvu ni sehemu ndogo ya habari hii, na lau ingekuwa ndiyo habari yote, nisingechoka hivi kwa kusema. Jambo kubwa ni namna kila kimoja kinavyokufa. Kioo cha tempa, siku ufa unapoupita uso wake na kuufikia moyo, hupasuka chote kwa mara moja, kikawa punje ndogo ndogo zenye pembe butu kama chumvi ya mawe. Na kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa juu ya vioo vya magari inataka kwamba, kijaribiwapo kwa kuvunjwa, mraba wowote wa sentimita 5 kwa 5 uhesabiwe vipande visivyopungua 40. Mtu aliyemwagiwa punje hizo huchubuka, hujikung'uta, huendelea na safari. Kioo cha dirisha la nyumba huvunjika kwa majambia. Vipande vyake huwa virefu, vyembamba, vyenye ncha na makali ya pande mbili, na vile vilivyoshikwa na mfereji wa mlango hubaki vimesimama, vikielekea shingo ya dereva, kwapa lake, na uso wa mtoto aliyeketi nyuma.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa Land Rover ya inchi 109 iliyotoka njia ya Kilwa. Mwenyewe, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, alikuwa ameufunga mlango kwa nguvu kwa kuwa bawaba zilikuwa zimelegea, na kioo kilikatika katikati. Kipande kimoja kilimpasua mkono kutoka kiwiko hata karibu na kifundo, na kingine, nilichokichomoa mwenyewe katika kitambaa cha kiti, kilikuwa na urefu wa shubiri moja na nusu. Mkono ulikuwa umekwisha kushonwa alipokuja. Akaniambia, “Mwanangu, aliyekitia aliniapia kwamba ni kioo cha gari.” Nikamwonyesha pembe ya chini ya kipande kilichobaki, mahali ambapo kila kioo cha gari huwa na muhuri wake; palikuwa peupe. Sitamtaja aliyekitia, ila nasema wazi kwamba kazi ile si upungufu wa ujuzi tu, ni dhuluma, kwa sababu aliyekata kioo kile kwa mkono wake alijua bila ya shaka yoyote kwamba si cha tempa.

Alijuaje? Kwa kuwa kilikatika. Katika karne ya 17 wataalamu wa Ulaya walistaajabia matone ya kioo yaliyoitwa kwa jina la Prince Rupert, na Robert Hooke aliyaeleza katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665: kioo kilichoyeyushwa kikidondoshwa majini hupoa ghafula kikawa na kichwa cha duara na mkia mwembamba, na kichwa hicho hustahimili nyundo, ilhali ukivunja ncha ya mkia kwa vidole, tone zima huwa unga. Kioo cha mlango wa gari ni ndugu wa tone lile. Hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi ukingo baada ya kutoka tanurini. Almasi ikiupita uso wake, chote humwagika. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba atachukua kioo cha mlango wa gari jingine akipunguze kilingane na chako, ama hakijui anachokisema, ama anajua kwamba alichonacho si kioo cha tempa. Na kioo chochote kilichokubali kukatwa vipimo mbele ya macho yako, ikiwa ni cha tabaka moja, kimekwisha kukutolea ushahidi juu ya nafsi yake.

Hapo huja hoja za kujitetea, nami nazijua kwa mfuatano wake. Ya kwanza ni kwamba kitabandikwa tinti, na tinti itavishika vipande. Karatasi nyembamba ya tinti huenda ikazuia akali ya vipande visiruke, lakini haimalizi makali ya vile vilivyobaki vimesimama mferejini, na tena haikipi kioo nguvu yoyote. Ya pili ni kwamba kitatiwa kinene zaidi, cha milimita sita. Kinene kikivunjika hutoa jambia nene. Fauka ya hayo, mfereji wa felti ulipimiwa unene wake, na kioo kinachosukumwa ndani yake kwa nguvu huzidi kuumizwa kingo. Ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, ni kwamba fulani amekitumia miaka miwili na hakikuvunjika. Naamini. Ametembea na jambia miaka miwili na bado hajajikwaa. Gari la nyika hujipinda likipita korongoni gurudumu moja likiwa juu, mlango hutetemeka kutwa nzima juu ya barabara ya changarawe iliyofanya mawimbi, na ukingo uliokatwa kwa mkono umejaa nyufa ndogo ambazo kila mtikisiko huzirefusha kidogo. Jua nalo halikai kimya, maana kioo cha kawaida huweza kupasuka ikiwa sehemu yake moja imepata joto kupita nyingine kwa sentigredi 40 hivi, na cha tempa hustahimili tofauti ya 200.

Kuhusu gundi ya kuziba ufa nitasema machache, kwa kuwa dawa hiyo, pamoja na dawa ya meno na rangi ya kucha, haistahili mengi. Utomvu unaoingizwa katika ufa ni tiba ya kioo cha mbele, ambacho kimefanywa kwa tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, ufundi ambao Mfaransa Édouard Bénédictus aliuchukulia hataza mwaka 1909. Pale tabaka moja hupasuka na nyingine ikabaki, ufa ukangoja tiba. Kioo cha tempa hakina ufa unaongoja. Ukiona kioo cha mlango wako kina ufa mrefu uliosimama tangu jana, usitafute gundi, uliza ni nani aliyekitia. Kwani ama ni cha nyumba, ama ni cha tabaka mbili, kama vilivyo vya milango ya baadhi ya magari mapya.

Sasa yafaayo, kwa haraka. La kwanza na bora ni kioo chenyewe cha gari lako, kipya au kilichotolewa katika gari lililobomolewa, na huko Gerezani mjini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi hakikosekani kwa Land Cruiser, Patrol, Prado wala Defender. Nenda na namba ya chesesi na kioo cha upande wa pili kama mfano, utazame mwaka, upande, rangi ya kioo, matundu ya bolti na kishikio cha chini, maana kilichopinda tofauti kwa milimita chache hakitapanda. Soma muhuri: tafuta herufi E ndani ya duara pamoja na 43R, au AS2 kwa vile vya soko la Marekani, au neno Temperlite kwa vingi vya Kijapani. Ukiwa na miwani ya jua ya polaraizi, kitazame kioo kwa mshazari. Madoa yaliyopangana ambayo huyaoni kwa macho matupu ni alama za upepo wa tanuri.

La pili ni kwa wenye vioo bapa tu: agiza kiwanda kinachokaza vioo kikutengenezee kwa kielelezo cha karatasi ngumu, matundu na kingo vikiwa vimemalizwa kabla ya moto, nawe usisahau kudai muhuri. La tatu, pia kwa vioo bapa, ni kioo cha tabaka mbili, ambacho fundi huweza kukikata mtaani kwa halali. Pima mfereji kwanza, na uzibe kingo zake, kwani unyevu ukiingia kati ya tabaka hufanya ukungu mweupe usioondoka. Plastiki ya polikaboneti haivunjiki kwa urahisi, ila vumbi la Serengeti litaichakaza upesi ukiisafisha kwa kitambaa kikavu, na plastiki ya akriliki iwache kabisa, nayo hupasuka kwa ncha. Ikiwa umekwama njiani, nailoni nzito na utepe wa gundi vitakufikisha mjini. Usibandike juu ya mpira.

Na kazi ya kukitia: vaa glavu, ondoa kava la mlango, toa nailoni ya ndani bila ya kuichana, kisha ulifute tumbo la mlango kwa mashine ya kunyonya vumbi hata punje ya mwisho, kwa sababu zikibaki hukwama katika mashine ya kupandishia kioo na kuziba vijitundu vya chini ambavyo maji ya mvua hutokea, mlango ukaoza kutoka ndani. Badilisha felti kama ni ngumu au imejaa mchanga. Bolti zikazwe kwa mkono, zikiwa na washa zake za plastiki, chuma kisigusane na kioo. Mferejini pulizia silikoni, usitie grisi inayokusanya vumbi. Pandisha na ushushe mara kumi kabla ya kurudisha kava, na mwisho, fundi akiwa bado hajalipwa, mwaga kopo la maji juu ya kioo kilichofungwa, uiname utazame chini ya mlango kama yanatoka.