Umepima VVU mapema ukaambiwa huna: jibu hilo lina maana gani?

Wasikilizaji wetu hutuuliza swali hili mara kwa mara, zaidi msimu wa kahawa, pesa inapozunguka Vwawa na Tunduma. Mtu amelala na mwenzi asiyejua hali yake, bila kondomu. Wiki moja baadaye anapima VVU, unatokea mstari mmoja. Je, aamini?

Kipimo cha haraka cha kwenye vituo vyetu, kile cha tone la damu ya kidoleni, hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Askari hao huchukua wiki kadhaa kuwa wengi kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mstari mmoja wa wiki ya kwanza haudanganyi, ila unazungumzia miezi ya nyuma. Tukio la juzi bado halijaingia humo. Kurudia kupima keshokutwa zahanati nyingine ni kupoteza nauli tu.

Hesabu ni miezi mitatu tangu tukio la mwisho. Kama lilikuwa Nane Nane, yaani 8 Agosti, jibu la kutegemea ni la kuanzia 8 Novemba. Katikati likitokea jingine, unaanza kuhesabu upya. Kifaa cha kujipima mwenyewe, ambacho sheria yetu iliruhusu mwaka 2019, nacho kinafuata hesabu hiyo hiyo. Vipo vipimo vya maabara vinavyoona mapema zaidi, lakini si vya kila zahanati.

Tunachokihofia sisi ni hiyo miezi ya katikati. Aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi wengi mno damuni na huambukiza kwa urahisi sana, huku mfukoni ana karatasi ya "hana". Tumia kondomu mpaka siku ya kurudi. Mama mjamzito au anayenyonyesha amwambie muuguzi mapema, kwa sababu mtoto naye yumo hatarini. Na majibu ya mwenzi wako si yako. Kila mtu apime mwenyewe.

Kama tukio ni la jana au juzi, usikae kuhesabu miezi. Nenda hospitali leo uulizie PEP, dawa za kuzuia maambukizi. Huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Ukifika, mweleze mhudumu siku na saa lilipotokea. Ndicho atakachohitaji kwanza.