Nguvu ya Jua Hupotelea Wapi Shambani Mwako?

Ndugu mkulima, asubuhi unapoketi juu ya kigoda chako kukama ng'ombe, je, umepata kujiuliza maziwa hayo yametoka wapi? Utasema yametoka katika majani, nawe utakuwa umesema kweli. Lakini majani yenyewe yalipata wapi nguvu ya kumea? Yalipata katika jua. Hapana kitu kilicho hai shambani mwako, tangu mahindi mpaka panya anayekuibia mahindi, ambacho hakiishi kwa nguvu ya jua. Mmea huikamata kwa majani yake, ng'ombe huipata kwa kula mmea, nawe huipata kwa kunywa maziwa.

Basi yafaa ujue jambo moja ambalo wakulima wengi hawajaelezwa. Nguvu hiyo haifiki yote. Katika kila sehemu 100 za mwanga zinazoangukia shamba, mazao hayakamati zaidi ya sehemu 1 au 2. Na mnyama akila mmea, sehemu kubwa ya nguvu aliyokula hutoka katika mavi, na nyingine huishia katika kupumua, kutembea na kuutia mwili joto. Inayobaki ikawa nyama au maziwa ni ndogo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Raymond Lindeman, alipima jambo hili katika ziwa dogo la Cedar Bog, jimbo la Minnesota. Alikufa katika mwaka 1942, kabla maandishi yake hayajatolewa mwaka huo huo, lakini wataalamu wa viumbe wanayatumia mpaka leo. Hesabu inayotajwa sana ni ya kwamba katika sehemu 10 za nguvu zinazoliwa, karibu sehemu 1 tu hupita kwenda kwa mlaji anayefuata. Ni hesabu ya kukadiria. Mara huwa chini, mara huwa juu. Hata hivyo ndiyo sababu mbugani utaona nyumbu makundi kwa makundi na simba wachache tu. Simba hawawezi kuwa wengi, kwa sababu nguvu iliyowafikia ni mabaki ya mabaki.

Sasa tuyaache ya simba, turudi zizini.

Mashamba ya skimu yaliyogawanywa tangu mwaka 1962 mengi yao sasa yamegawanywa tena, baba kwa wana, na wana kwa wajukuu. Ardhi imepungua, lakini watu wengi bado wanahesabu utajiri kwa vichwa vya ng'ombe. Jua halikuongezeka. Kipande cha ekari 2 hukamata nguvu ya ekari 2, wala hakijui ya kuwa babu yako alikuwa na ekari 30.

Tuseme una ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400. Ng'ombe huyo akishiba hula majani ya nepia mabichi kama kilo 70 kwa siku. Karibu nusu ya chakula hicho, yaani kilo 35, hutumika kuuweka mwili wake tu: kupumua, kusimama, moyo kupiga, damu kuzunguka. Hicho ni kodi ambayo lazima ilipwe kwanza, hata kama hatoi tone moja la maziwa. Ni kilo 35 zile nyingine ndizo zinazogeuka kuwa maziwa, na ng'ombe mzuri anayetunzwa atakupa lita 7 hata 10.

Haya, jirani yako anakuuzia ng'ombe wa pili kwa bei nafuu, nawe unamchukua. Majani ni yale yale, kilo 70. Kila mmoja anapata kilo 35. Je, utapata maziwa kiasi gani? Hesabu mwenyewe. Kodi ya mwili imekula yote. Kwa siku za kwanza utaona maziwa bado yanatoka, ukadhani mambo ni mazuri, lakini maziwa hayo yanatoka katika mafuta ya mgongo wa ng'ombe. Baada ya muda mbavu zitaonekana, maziwa yatakauka, na ng'ombe hatataka dume kwa wakati wake. Hapo mwenye ng'ombe wawili anapeleka mtungi mtupu kwenye chama cha ushirika, na mwenye mmoja anapeleka uliojaa. Watu watasema amerogwa. Hakurogwa, amegawa nguvu ya mmoja kwa wawili.

Najua ya kuwa si rahisi kuuza ng'ombe. Ng'ombe ni karo ya shule, ni mahari, ni heshima. Mtu aliyekaa ofisini anaweza kuandika neno "punguza" bila kutoka jasho. Lakini afadhali uamuzi huo uufanye wewe mwezi wa Desemba, wakati ng'ombe amenona na mnunuzi analipa, kuliko kuufanyiwa na ukame mwezi wa Machi.

Kipimo wanachokitoa mara nyingi maafisa wa kilimo ni ekari moja ya nepia, iliyotiwa samadi na kupaliliwa, kwa ng'ombe mmoja mkubwa. Penye mvua haba itatakiwa zaidi. Na penye baridi ya kugandisha umande, kama Kinangop juu, nepia hudumaa. Huko muulize afisa wako majani yanayofaa.

Jambo jingine linaloila nguvu ni miguu. Ng'ombe anayetembezwa mbali kutafuta maji, akarudi jioni, ameyatembea maziwa yako njiani. Hii ndiyo moja ya sababu ambazo mradi wa taifa wa maziwa ulioanzishwa mwaka 1980, kwa msaada wa Uholanzi, uliwafundisha wakulima wadogo kufuga ng'ombe ndani ya banda na kuwaletea majani. Ukiweza kumletea maji bandani, hata kwa punda, utaona tofauti katika mtungi.

Na mavi je? Usidhani ni kitu kilichokwisha. Ndani yake mna nguvu nyingi ambayo ng'ombe alishindwa kuitoa. Wenye mitambo ya gesi ya samadi huipikia chai, kisha uji unaobaki huupeleka shambani. Wasio na mtambo huipeleka samadi moja kwa moja, wakawalisha minyoo na vijidudu vya udongo, ambao nao huirudishia mimea chumvi zake. Lakini shika tofauti hii: chumvi za udongo huzunguka, zikatoka kwa mmea mpaka kwa ng'ombe na kurudi tena kwa mmea. Nguvu hairudi. Ikishakuwa joto imekwenda, na kesho lazima jua lilete nyingine. Kwa hiyo ardhi iliyoachwa wazi bila jani lolote, mwezi hata mwezi, ni mwanga uliomwagika bure.

Sasa kuna mwizi mmoja anayeingia katikati ya safari hii, naye ni panya. Mahindi yaliyo ghalani ni nguvu ya jua ya miezi 6 au zaidi uliyoilinda kwa jembe, naye anaila usiku mmoja mmoja. Mwenye kumla panya ni bundi. Yule bundi mweupe, mwenye uso kama sahani, huweza kula panya watatu au wanne kwa usiku, na akiwa na makinda huwinda zaidi. Ukiona chini ya mti vidonge vya manyoya na mifupa, hiyo ndiyo hesabu yake aliyoitapika. Katika sehemu nyingi za nchi yetu bundi hupigwa mawe kwa kuwa watu husema analeta kifo. Mimi nililelewa hivyo hivyo, na bado nashtuka nikimsikia usiku. Lakini sijaona bundi aliyekula gunia la mahindi.

Tena uangalie sumu. Ukimtegea panya sumu, hafi pale pale; sumu nyingi za panya huua baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo anatembea akiwa mlegevu, bundi au paka humkamata upesi, na sumu hupita kama nguvu inavyopita, kutoka kwa aliyeliwa kwenda kwa mlaji. Bundi akifa, panya waliobaki huzaa bila hofu, nawe unarudi dukani kununua sumu nyingine. Afadhali ghala lenye miguu iliyovikwa bati, na mitego, na nyasi zilizofyekwa kandokando. Ikiwa lazima utumie sumu, okota mizoga kila asubuhi, uifukie ndani sana.

Kesho asubuhi, kabla hujakata nepia, azima mizani ya kuning'iniza ya chama cha ushirika au ya mnunuzi wa viazi. Pima kila mzigo unaoingia bandani kwa siku nzima, jumlisha, kisha ugawe kwa idadi ya ng'ombe wakubwa ulio nao. Andika jibu ukutani kwa makaa, karibu na mahali unapokamia.