Mwendo, Umbali na Muda: Mfano wa Ndege ya Bukoba na Mwanza

Kanuni ya kutafuta muda ni fupi: umbali hugawanywa kwa mwendo. Kwa bahati mbaya vitabu vingi huieleza kwa magari yasiyo na jina yaendayo kutoka mji A hadi mji B, na mtoto hapati sababu ya kulishuku jibu lake. Kwa wanachuo watakaofanya mazoezi ya kufundisha Bukoba na Muleba twapendekeza safari ya ndege kutoka Bukoba hadi Mwanza.

Somo lianze na ramani. Katika ramani yenye kipimo cha 1:2,000,000, sentimita moja ni kilomita 20. Rula iwekwapo kati ya viwanja viwili hivyo huonyesha karibu sentimita 8.7, yaani kilomita 174 hivi, na sehemu kubwa ya mstari huo ni maji ya Ziwa Viktoria. Kisha watoto watandaze uzi juu ya barabara, kupitia Muleba, Chato na Geita, hadi Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa mwaka 2025 kati ya Busisi na Kigongo. Uzi utakuwa zaidi ya mara mbili ya rula. Sababu wataitaja wenyewe, mwalimu asiwatangulie.

Sasa muda. Ndege ya pangaboi aina ya ATR 72 ikiwa juu huenda takriban kilomita 500 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 174 ni dakika 21. Lakini ratiba hutoa muda mrefu zaidi, karibu mara mbili, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Ndege hutambaa kwanza uwanjani, hupanda polepole, na kabla ya kutua hupunguza mwendo ili ijipange sawa na njia yake. Mwendo wa 500 ni wa angani tu, na katika safari fupi hauchukui muda mrefu. Linganisheni na Dar es Salaam, iliyo umbali wa kilomita 1,020 hivi kutoka Bukoba: kanuni yatoa saa mbili na dakika mbili. Tukiongeza, kwa mfano, dakika 20 za kupaa na kutua, safari ya Dar es Salaam huongezeka kwa kama sehemu moja ya sita. Ile ya Mwanza karibu hujirudufu. Mtoto aliyeliona hilo ameelewa maana ya mwendo wa wastani.

Huenda mtoto akauliza juu ya ajali ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, wakafa watu 19 kati ya 43. Tusiigeuze kuwa hesabu, kwani darasani huenda ameketi aliyefiwa, au mtoto wa mvuvi aliyekwenda kuokoa. Wala tusimnyamazishe muulizaji. Aelezwe kwamba hewa ikichafuka rubani huweza kusubiri angani au kurudi Mwanza, na kwa hiyo muda wa ratiba si ahadi.

Kwa darasa la Muleba tunalo swali gumu zaidi. Kwa rula, Muleba iko karibu zaidi na Mwanza kuliko Bukoba ilivyo, kama kilomita 155. Hata hivyo msafiri wa ndege huanza kwa kwenda kaskazini, Bukoba, akiipa Mwanza kisogo. Je, tangu mlangoni kwake hutumia muda gani? Watoto wawaulize wazazi na makondakta muda wa basi, waongeze muda wa kungoja uwanjani, kisha ule wa ndege. Majibu yatatofautiana. Yaandikwe yote ubaoni, na kila mtoto aeleze la kwake alilipataje.