Tulichukue Neno Lilivyo Kabla ya Kulichimbua

Miaka kadhaa iliyopita, mjomba wangu alinitumia ujumbe kutoka kijijini kupitia kwa jirani aliyekuwa akija mjini. Alisema: "Mwambie mpwa wangu aje tuonane kabla mvua hazijaanza."

Nami, mwalimu wa isimu, nikaketi kuyachambua maneno hayo. Kwa nini kabla ya mvua? Bila shaka huo ni msimu wa kulima, na mzee anahitaji mbegu na mbolea. Kwa nini basi asiseme waziwazi? Kwa kuwa mkubwa huona haya kumwomba mdogo. Nikatia pesa katika bahasha, nikampa jirani yule yule azipeleke. Nilijiona mwerevu aliyefumbua fumbo.

Nilipofika kijijini mwezi wa Agosti, mjomba alinyoosha mkono hewani akiutafuta wangu. Alikuwa haoni tena. Alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho, ambao huharibu neva ya jicho polepole, na nuru ikishapotea haurudishiki. Alipotuma ujumbe alikuwa angali anaona kidogo. "Tuonane" ilikuwa na maana ya tuonane. Nayo mvua aliitaja kwa sababu barabara yetu ya udongo mweusi haipitiki wakati wa masika. "Pesa zako zilifika, mpwa wangu," akasema, "lakini sikuwa nimeziomba."

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Nayasimulia kwa kuwa kosa hilo ni letu sisi tuliosoma. Tumefunzwa kuchimba hata tukasahau kwamba juu ya ardhi nako kuna vitu.

La kushangaza ni kwamba taaluma yenyewe haikutufunza hivyo. Mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice, katika makala yake mashuhuri yaliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba wanaozungumza hushirikiana. Kila mmoja hutarajiwa kusema yanayotosha, yaliyo kweli, yanayohusika na yaliyo wazi. Msikilizaji hutafuta maana iliyodokezwa pale tu ambapo maneno, yakichukuliwa yalivyo, yanaonekana kukiuka ushirikiano huo. Kwa hiyo safari huanzia kwenye neno lenyewe. Ujumbe wa mjomba ulitosha, ulikuwa wa kweli na ulikuwa wazi. Sikuwa na sababu yoyote ya kuuvuka.

Zipo pia kauli ambazo hazikukusudiwa kubeba habari nzito. Mwaka 1923, mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alionyesha kwamba mazungumzo mengine kazi yake ni kuwaunganisha watu tu. Hata hivyo, namjua mwenzangu mmoja ambaye akiulizwa "Habari za nyumbani?" hukesha akijiuliza: kwa nini ametaja nyumbani? Amesikia nini? Nani kamwambia? Maskini aliyemsalimu alikuwa akisalimu tu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya mafumbo. Kwamba kanga husema yale ambayo mvaaji hathubutu kuyatamka. Kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwasema wakubwa kwa mafumbo katika zama za uhasama kati ya Wamazrui na Seyyid Said. Yote hayo ni kweli. Lakini fumbo huja na alama zake. Kanga huchaguliwa na kuvaliwa mbele ya mlengwa. Naye Muyaka alitunga wakati ambapo neno la wazi lingeweza kumponza mtu. Anayejua mafumbo hasa ni yule anayejua pia wakati ambapo hapana fumbo. Anayeona fumbo kila mahali ni sawa na asiyeliona popote: wote wawili hawamsikilizi msemaji.

Walimu wenzangu, ugonjwa huu aghalabu huanzia darasani. Tunamuuliza mwanafunzi shati jekundu la mhusika linaashiria nini, naye, akihofia kukosa alama, hujibu damu, mapinduzi au mapenzi. Hatumwambii kwamba anaweza kujibu: "Mwandishi hakutupa sababu ya kudhani linaashiria chochote." Jibu hilo, likitolewa kwa ushahidi wa matini, ni uhakiki kamili. Tulipe alama.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba kusoma ni kutoamini kinachosemwa. Mzazi akikuandikia kwamba karo imechelewa kwa sababu ng'ombe hajauzwa, amini kwamba ng'ombe hajauzwa. Rafiki akisema amechoka, mwache apumzike. Na pale unaposhaka kweli, kuna njia nyepesi kuliko nadharia zote: muulize.

Mimi sikuuliza. Siku hizi nikienda kwa mjomba, hunipapasa uso kwa vidole, akanisifu kwamba nimenenepa. Nayachukua maneno hayo yalivyo.